Bustani ya Luchelele: mgagani, nyuki wadogo na lango lisilofungwa mchana

Mimi ni mama lishe. Napika karibu na stendi ya Nyegezi, jijini Mwanza, huu ni mwaka wa 11, na wateja wangu wengi ni madereva, makondakta na wanafunzi wa chuo. Ugali, wali, sato wa mchuzi, dagaa, maharage, na mboga za majani kila siku ya Mungu. Sifa yangu ni mboga. Mteja anaweza kunisamehe kipande cha samaki kikiwa kidogo, lakini akitafuna mchanga kwenye mchicha hatakaa tena kwenye benchi langu. Kwa hiyo nikisema neno kuhusu mahali panapolimwa mboga, nasema kama mtu anayezishika kila alfajiri, anayezichambua jani kwa jani na kuwapelekea watu wanaomwamini.

Mwaka juzi niliuziwa mchicha mzuri sana, majani mapana, hayana tundu hata moja. Siku ile ile wateja wangu 3 waliharisha. Nilipomfuata aliyeniuzia, akakiri kwamba alipiga dawa jana yake jioni, akavuna asubuhi kwa sababu soko lilikuwa zuri. Nililia mbele yake. Tangu hapo nimekuwa natafuta mboga ambayo naweza kumwona aliyeilima na kuona shamba lenyewe. Ndivyo nilivyofika kwenye bustani hii ya Luchelele, baada ya konda mmoja kuniambia kuna watu wanalima kwenye majabali huko na hawatumii sumu.

Nimekwenda mara nyingi sasa, tangu mvua za masika zilipoanza. Naandika kwa sababu watu wa Mkolani, Butimba na Nyegezi penyewe hawaijui, na iko karibu nao.

Ukitoka mjini unapanda daladala ya Nyegezi, kisha unashika njia ya Malimbe na kuendelea kuelekea Luchelele. Mimi huchukua bodaboda kipande cha mwisho. Usitafute bango, halipo. Tafuta jabali kubwa lililokaa juu ya jingine kama chungu juu ya mafiga, na mkuyu mmoja mnene pembeni yake. Njia inaingia hapo katikati. Lango ni la miti iliyofungwa kwa kamba, na mchana halifungwi.

Siku ya kwanza nilisimama nje nikipiga hodi. Nimezoea sehemu ambazo ukifika na ndoo na kanga kiunoni unaulizwa umetumwa na nani. Mzee wa zamu akatoka, nikamwamkia, akaitikia marahaba na kuniuliza swali moja tu: "Umekuja kuvuna, kulima au kupumzika?" Nikamwambia natafuta mgagani. Akanionyesha kwa fimbo yake. "Teremka ngazi hizo za mawe, ngazi ya pili upande wa kushoto. Chuma ncha, using'oe shina."

Mambo yanavyokwenda ni hivi. Eneo lote halizidi sana kiwanja cha mpira, limegawanyika ngazi 3 kushuka kuelekea Ziwa Victoria, na matuta yamejengewa kingo za mawe ili mvua isiyashushe. Kaya za mtaa ule hupewa tuta bila kulipa. Wanacholipa ni kazi: Jumamosi asubuhi kila kaya inatoa mtu mmoja kwa kazi za wote, kama kubeba mboji, kusafisha mifereji na kumwagilia kitalu. Matuta 6 yaliyo karibu na lango hayana mwenyewe. Ni ya mpita njia. Ukiwa huna mboga ya jioni unaingia, unachuma ya kutosha sufuria yako, unaondoka. Nimemwona mwanafunzi akichuma matembele na kuyatia kwenye begi la madaftari. Nimemwona kijana muuza maji akichuma nyanya chungu 5, akazihesabu mbele ya mzee, na mzee akamwambia hakuna haja ya kuhesabu.

Sisi wafanyabiashara tunanunua, na ni haki. Fungu la mgagani ni shilingi 500, na fungu lenyewe limejaa mkono. Fedha inaingia kwenye daftari linalokaa mezani, kila mtu anaweza kulifunua na kusoma. Nimelifunua. Kuna mbegu, kuna koleo, kuna bomba lililopasuka, kuna sabuni ya kunawia.

Sasa niseme kuhusu mama mkwe wangu, maana bila yeye ningekuwa nasifia mboga tu.

Mama alikuja kwetu kutoka Magu kwa ajili ya macho yake. Kliniki ilimpa tarehe, kisha tarehe nyingine, kwa hiyo akakaa nasi miezi. Nyumba yetu ni vyumba 2 vya kupanga, uwanja wa saruji, nje ni ukuta wa jirani. Mama amelima maisha yake yote. Nilimwona akikaa kwenye kigoda tangu saa 1 asubuhi, mikono imelala mapajani, kama mtu anayengoja gari. Ukimuuliza anataka nini, anajibu, "Niko salama, mwanangu." Jumamosi moja nikamwambia twende anisaidie kuchagua mboga.

Aliposhuka ngazi ya kwanza aliinama, akachota udongo, akausugua kiganjani na kuuacha umwagike katikati ya vidole. Macho yanamsumbua lakini mikono haijasahau. "Luseni hii," akasema. Wasukuma wana majina ya udongo wao, na luseni ni ule wa kichanga unaotoka kwenye majabali, hauna ubishi na jembe ila hauhifadhi maji. "Karanga zitakubali. Viazi vitakubali. Mchicha utawasumbua." Dada anayesimamia kitalu alikuwa karibu, akaacha kumwagilia. Akasema ni kweli, miaka 2 ya mwanzo mchicha uliwasumbua vibaya, unaota na kuchanua ukiwa na urefu wa kidole, mpaka walipoanza kutengeneza mboji yao.

Wakaanza kuzungumza hao wawili, na mimi nikawa wa kufuata nyuma. Mama alitaja kila kilichoota, hata pale ambapo mimi niliona majani tu. Mlenda wa porini, akasema huu ukichanganywa na karanga ugali unateleza wenyewe. Mnavu, na namna ya kuujua ulio mtamu na ulio mchungu. Majani ya kunde, akaeleza wanavyoyachemsha na kuyaanika juani ili kupata nsansa ya kula kiangazi, wakati bustani zote zimekauka. Mgagani akaunusa kwanza. Ukiusugua unatoa harufu kali, watu wa mjini wengi hawaipendi, lakini yeye aliushika puani muda mrefu na hakusema kitu.

Jumamosi iliyofuata walimwomba arudi afundishe. Akakaa kwenye jiwe chini ya mkuyu, wanawake kama 20 wamemzunguka pamoja na vijana wachache. Walimsalimu "mwangaluka", naye akaitikia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu aje mjini. Alisema Kisukuma chake, na binti mmoja akawa anatafsiri kwa wale wasiojua. Mimi nimezaliwa Ukerewe, Kisukuma changu ni cha kuolewa, lakini siku ile nilielewa kila neno. Kabla hatujaondoka wakamletea chupa ya chai na maandazi, wakamwambia wabeja, yaani asante. Njiani, juu ya bodaboda, aliniuliza Jumamosi iko lini tena.

Hiyo mboji aliyoisema dada wa kitalu ndiyo siri ya sehemu ile. Nimeshiriki kuitengeneza, kwa hiyo naeleza nilichofanya kwa mikono yangu. Wanatumia gugumaji. Sisi tunaoishi kandokando ya ziwa tunalijua gugu hili na maua yake ya zambarau. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na katika ziwa letu limeanza kusumbua tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Linafunika maji, linazuia mitumbwi, chini yake konokono na mbu wanastarehe. Vijana wanalivuta kwa reki ndefu wakiwa wamevaa buti za mpira, wanalitandaza juu ya majabali mpaka likauke kabisa. Hili ni la lazima, kwa sababu gugumaji likiwa bado na unyevu linaweza kuchipua tena popote. Likikauka wanapanga tabaka: gugumaji, pumba za mpunga, samadi ya ng'ombe, kisha tena gugumaji. Katikati kabisa wanafukia mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa. Yanafukiwa chini sana, la sivyo mbwa na wale korongo wakubwa wenye kipara na mfuko shingoni wanakuja kufukua, na Mwanza tunawajua hao hawaogopi mtu.

Niliogopa harufu. Hakuna harufu. Baada ya wiki 2 mzee alichomoa kijiti kilichokuwa kimechomekwa katikati ya rundo, akanipa nikishike. Nilikiachia hapo hapo, kilikuwa cha moto kama mwiko uliosahaulika kwenye sufuria. Wanageuza rundo mara kadhaa, na baada ya miezi kama 3 unachota kitu cheusi, chepesi, kinachonuka kama mvua ya kwanza. Ule mchicha uliokuwa ukichanua ukiwa na urefu wa kidole sasa unafika magotini.

Ngazi ya tatu ndiyo ya chini, na wengi hawafiki kwa sababu hakuna cha kuvuna. Hapo matuta yanakoma. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sote tunajua jinsi mita hizo zinavyoliwa kidogo kidogo, leo banda, kesho ukuta. Hapa wameweka mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, na kuanzia mstari ule kushuka majini hakuna jembe. Matete yamerudi, mafunjo yamerudi. Ziwa lilipopanda mwaka 2020 na kumeza fukwe nyingi, maji yalifika karibu na mawe ya chokaa, ndivyo mzee anavyosema, na yaliposhuka yaliacha matope ambayo mafunjo yaliyapenda.

Nilikaa pale siku moja nikisubiri jua lipungue. Minana walikuwa wanajenga viota. Dume mmoja wa manjano alikuja na uzi wa tete mrefu kuliko yeye, akauzungusha kwenye shina kwa mdomo, akapitisha ncha chini, akaivuta, akakaza. Mimi nimejifunza kushona nikiwa msichana na najua fundo zuri nikiliona. Juu zaidi, kwenye mti uliokauka, furukombe alikuwa amekaa na kifua chake cheupe, akatoa ule mlio wake ambao kwetu Ukerewe ulikuwa unatuamsha. Kwenye mkuyu kuna kiota kikubwa cha vijiti cha yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo. Mama mkwe alipokiona alisema kisiguswe kamwe, huyo ndege hachezewi. Wakamjibu hakuna aliyewahi kukigusa.

Lakini kilichonifunga pale chini ni maji yenyewe, katikati ya mashina. Samaki wadogo wengi, wembamba, wengine wana mng'ao wa bluu ubavuni. Nikamuuliza mzee, akasema furu hao. Baba yangu alikuwa mvuvi, na neno furu kwake lilikuwa kama neno la msiba. Alikuwa akisema zamani ukitupa wavu unatoa furu wa kila rangi, nyumba nzima inakula. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka sana miaka ya 1980, na aina nyingi mno za furu zikapotea. Sangara ametusomesha, siwezi kumtukana, ada yangu ya shule ilitoka kwake. Hata hivyo nilichuchumaa kando ya maji yale nikamkumbuka baba mpaka miguu ikafa ganzi. Kwenye matete, sangara mkubwa hapiti kirahisi. Samaki wadogo wanapata pa kujificha na kukua. Kwa hiyo mtu anayefyeka matete ili "kusafisha ufukwe" anabomoa kitalu cha samaki, na mimi ninayeuza sato nina haki ya kulisema hilo kwa sauti.

Watoto hawaruhusiwi kukanyaga maji pale, na wazazi wasinune. Ni kwa ajili ya kichocho. Konokono wanaobeba vimelea wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, ndiyo maana shuleni kanda hii wanawagawia watoto dawa. Maji ya kumwagilia yanavutwa kwa pampu hadi kwenye matangi 2, yanakaa siku 2 kabla ya kufunguliwa, maana vimelea hivyo visipompata mtu havidumu zaidi ya muda huo. Tangi moja linajazwa huku jingine linatumika. Niliulizia sana hili kwa sababu ni mboga ninayowalisha watu, na kila niliyemuuliza alinijibu vile vile, hata mtoto wa darasa la 5.

Nieleze sasa habari ya maboga. Nyuma ya kibanda changu nina kipande kidogo cha ardhi nilichopanda maboga kwa ajili ya majani yake, na nikatamani nipate na maboga yenyewe. Yanachanua vizuri, vitoto vinatokea vya ukubwa wa limao, halafu vinageuka njano, vinaoza ncha, vinadondoka. Misimu 2 mfululizo. Nililaumu udongo, nikalaumu mbegu, nikamlaumu kuku wa jirani. Binti mmoja wa bustani, hana hata miaka 20, aliniambia nifike saa 1 asubuhi, si saa 4 kama kawaida yangu.

Nilipofika maua yalikuwa yamefunguka kama tarumbeta. Akanionyesha kwanza dume: kikonyo kirefu, chembamba, ndani kuna kitu kimoja kilichojaa unga wa njano. Kisha jike: kikonyo kifupi, na chini ya ua tayari kuna kiboga kidogo cha duara. Ule unga ni mzito na unanata, upepo hauubebi. Lazima abebe mdudu, na lazima abebe asubuhi ile ile, kwa sababu kabla ya mchana ua linajifunga na halifunguki tena. Tukakaa kimya. Akaja nyuki, akaingia kwenye dume, akatoka mgongo umejaa njano kama amebingirika kwenye manjano ya pilau, akaruka hadi kwenye jike, akazama. Wakaja na wengine, wadogo sana, weusi, nikadhani ni nzi. Ndio nyuki wadogo wasiouma. Wana makao kwenye ufa wa jabali hatua chache kutoka hapo, na mlango wao ni mrija mwembamba wa nta uliochomoza nje, hauzidi upana wa kalamu. Nilisogeza uso karibu kabisa. Wanapokezana: wanaoingia wamebeba uvimbe wa njano miguuni, wanaotoka hawana kitu, na walinzi wao wamejipanga mdomoni mwa mrija, vichwa tu vinaonekana.

Basi nikaelewa kwangu kuna tatizo gani. Nyuma ya kibanda hakuna ua jingine lolote mwaka mzima, na majirani wanapiga dawa kwenye uzio wa michongoma kila mwezi. Nyuki aje kufanya nini? Bustani wanafanya kinyume chake: kila tuta lina kona ambayo mgagani, mnavu na mrehani vinaachwa vichanue, kwa mbegu na kwa wadudu. Mtu wa haraka ataona uchafu. Binti alinifundisha pia kuchuma ua dume, kulivua petali na kugusisha unga kwenye jike kwa mkono wangu. Nimefanya hivyo kila alfajiri kabla ya kuwasha moto. Nimepata maboga 4. Moja nimelipeleka bustanini.

Si kila siku kuna amani. Kwenye majabali wanaishi pimbi, wengi, na pimbi wanapenda matembele kuliko sisi. Mwezi wa saba walimaliza matuta 3 ya ngazi ya juu kwa usiku mmoja. Kikao kikaitwa, nami nilikuwapo kama mgeni. Baba mmoja, tuta lake lilikuwa limeliwa mpaka mizizi, akataka waweke sumu kwenye viazi. Alisema kwa uchungu, na uchungu wake ulikuwa wa kweli, yule ana watoto 5 na mboga ile ilikuwa ya kula, si ya kuuza. Mama mwingine akasimama akamwambia pimbi aliyekufa kwa sumu hafi peke yake. Atakayemla, awe tai au mbwa wa jirani, naye atakufa, na kesho mtoto ataokota kiazi. Wakabishana mpaka jua likazama. Waliponyoosha mikono, sumu ikakataliwa kwa kura nyingi. Wakaziba mianya ya mawe kwa miiba, wakahamishia matembele ngazi ya kati na upande wa majabali wakapanda vitunguu na pilipili. Yule baba alipewa mazao ya matuta ya mpita njia mpaka tuta lake lipone. Alichukua jembe lake akaondoka, na sijamwona tena. Nadhani wangemfuata nyumbani kwake siku ile ile, kabla hasira haijalala. Nimewaambia hivyo.

Mengine ya kurekebisha. Ngazi za mawe ni za hatari mvua ikinyesha. Mama mkwe nilimshika mkono kila hatua, na mtu wa magongo hawezi kabisa kushuka. Mahali panapojivunia kupokea kila mtu panahitaji njia ya mteremko wa pole, hata kama ni ya kuzunguka. Choo ni kimoja, kisafi, lakini Jumamosi foleni yake ni ndefu. Mgagani unaisha mapema, ukifika baada ya saa 3 utakuta mabua. Na pampu ikiharibika hakuna mwenye kuijua isipokuwa fundi mmoja wa mbali, Agosti walikaa siku 9 bila maji na kitalu kizima cha nyanya kikafa. Nyanya zilizosalia zilishambuliwa na kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, kwa hiyo msimu huu msiende kwa ajili ya nyanya.

Kwa upande wa ladha, sina la kuficha. Mgagani wao nauchemsha, namwaga maji ya kwanza, naukaanga na kitunguu kidogo, kisha naweka karanga za kutwanga au maziwa mtindi. Uchungu unabaki mdogo ule unaotakiwa. Majani yana matundu machache, nami nayafurahia matundu hayo. Dereva mmoja wa mabasi ya Musoma sasa hupiga simu kabla ya kufika kuuliza kama upo.

Nakaribia kusahau mjusi. Kwenye jabali lililo juu ya kitalu, jua likishapasha mawe, anatoka dume mwenye kichwa na mabega ya waridi iliyokolea, na mwili uliobaki ni wa bluu mpaka mkiani. Anasimama, anapiga pushapu mara 3, anangoja. Watoto wanamwiga wakiwa wamelala tumbo kwenye mawe. Wanasayansi wanamwita Agama mwanzae, jina la mji wetu, na nimeishi hapa miaka yote hii nikimfukuza kwa fagio bila kujua. Jana kibandani alitokea mmoja juu ya ukuta wa jirani, nikamwacha ale siafu wake.

Ukienda, vaa viatu visivyoteleza, beba kikapu au mfuko wa kitambaa, na chupa yako ya maji. Kuingia ni bure. Jumamosi ndiyo siku nzuri ya kujifunza, Jumanne na Alhamisi ni za kununua kwa utulivu. Ukimkuta bibi mwenye kitenge cha bluu amekaa chini ya mkuyu, mwamkie kwa sauti maana haoni vizuri. Kliniki imempa tarehe ya mwezi ujao, lakini ameshamwagiza mume wangu amletee mbegu za kunde kutoka Magu, na dada wa kitalu amemtengea tuta, la pili kutoka kwenye tangi, ambapo anaweza kufika kwa kupapasa ukingo wa mawe.